Alama za Bluu Nilizozifuta

Naomba nikiri. Hapa mtaani Kasuku najiita fundi wa picha za zamani, ingawa hakuna aliyenifundisha. Nilijaribu programu nne za kusafisha picha, nikachagua ile inayofuta hata doa dogo kama kichwa cha sindano.

Mama Veronika wa mtaa wa Alunguli akaniletea picha ya arusi yake, iliyofukiwa shambani ndani ya bidoni, dumu la plastiki, wakati wa vita. Alitaka niikuze, aitundike siku ya kuwaombea marehemu wa familia. Juu ya vichwa saba palikuwa na michoro ya kalamu ya bluu, imefifia. Nikaiskani, nikaifuta michoro yote, nikajipongeza.

Siku ya maombi nilifunua picha mwenyewe. Watu wakasogea kuitazama.

"Mutoto wangu, misalaba iko wapi?" akauliza Mama Veronika. "Nilichora mumoja kila tulipozika mutu. Wa mwisho njo wa bwana arusi."

"Nilizani ni uchafu, mama."

"Fundi amefufua wafu!" shemeji yake akacheka.

Mama hakucheka. Alipapasa uso wa bwana arusi, yule kijana mwenye suti. "Sasa tuombee nani? Umetuletea wote wazima."