Bega la Mkwe

Kiberenge kilipopinda kona, mdomo wa handaki ulitokea ubavuni mwa mlima, mweusi, ukidondosha maji. Sajini Devota wa Zimamoto aliukodolea macho. Alikuwa na wiki tatu tu mkoani Njombe, akitokea Bukoba, na mahandaki yote aliyoyajua yalikuwa ya kwenye vitabu vya mafunzo.

Nyuma yake, kwenye behewa la wazi, walikaa watu ishirini na wawili waliojitolea kuwa abiria wa zoezi la dharura. Mmoja wao, mama wa miaka sitini na ushei aliyevaa koti zito juu ya kanga, alikuwa amefumba macho.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Nausalimia mlima kabla haujanimeza."

Behewa zima likacheka. Huyo alikuwa Dorosela, mjane kutoka Mawengi. Hakuwahi kupanda treni maishani. Kesho yake alitakiwa kuipanda, apite handaki lile lile na mengine mpaka Mlimba, ambako binti yake Fidelia alikuwa mja mzito wa miezi tisa. Mkwewe Odilo, fundi wa njia ya reli, ndiye aliyekuja kumchukua, na ndiye aliyemshauri aje kwenye zoezi alizoee giza. Alimshauri kwa adabu, amesimama hatua tatu kando, macho chini.

Waliposhuka, Devota aliwapanga mstari mbele ya handaki. "Treni imekwama, moshi umejaa. Mkono wa kushoto ukutani, wa kulia begani kwa aliye mbele. Usiachie! Ukiachia, wote walio nyuma yako wamepotea."

Wakaingia. Wasaidizi wake wakawasha pipa la maranda mabichi, moshi ukatanda, taa zikazimwa.

Waliotoka upande wa pili walikuwa kumi na mmoja. Wa mwisho alikuwa Odilo. Aligeuka, hakuona mtu nyuma yake, akapiga yowe na kurudi mbio ndani. Devota alimfuata na kurunzi. Wakawakuta katikati ya handaki, kumi na mmoja wengine, wamesimama kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Mbele yao alikuwa Dorosela, kiganja ukutani, akikohoa.

"Nilikuwa nafuata sauti ya buti zake," alisema. "Kisha nikazipoteza."

"Kwa nini hukumshika bega?" Devota aliuliza kwa ukali walipofika nje.

Aliyejibu ni Kasimiri, muuza mbao mwenye mdomo mwepesi. "Afande, huyo ni mkwewe! Hata chumvi hawapeani mkononi, sembuse kushikana mabega!"

"Kosa ni langu, afande," Odilo akasema. "Ningekuambia utupange mbalimbali."

"Na kesho kwenye treni nani atawapanga?"

Odilo akainamisha kichwa. Dorosela alikaa kwenye jiwe, akajipangusa macho. "Nirudisheni Mawengi. Siendi tena."

Devota akachuchumaa pembeni yake. Polepole mama akafunguka. Enzi za ujana wake aliteremka na mahindi kichwani mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, akapanda na dagaa, Fidelia mgongoni, wala hakuogopa chui wala makorongo. Lakini mwaka juzi Fidelia alijifungulia Mlimba bila mtu wa kwao. Mtoto hakufika jioni. Habari ilipofika Mawengi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

"Nilimwahidi kuwa safari hii nitakuwepo. Ila leo nimewasimamisha watu kumi gizani. Ungekuwa moto kweli, ningewaua kwa adabu zangu."

Devota angeweza kuamuru. Lakini kwao Bukoba alilelewa kupiga magoti akisalimu, akajua kuwa amri isingefika kokote.

"Mkweo akikuletea jembe, unalipokeaje?"

"Analiweka chini, naokota."

"Na gunia la viazi, zito?"

"Hilo tunabeba wote, yeye huku, mimi kule. Mzigo ni mzigo."

Mama akainuka. Halafu akaifungua kanga yake ya juu, akaisokota ikawa kamba, akautupa upande mmoja chini, mbele ya mkwewe.

"Baba, okota. Nguo haina ukwe."

Odilo akainama, akaokota. Kasimiri akarudi kwenye nafasi yake mstarini.

"Afande," Dorosela akasema, "washa moshi wako."

Safari hii walitoka wote ishirini na wawili. Kabla hawajaonekana, sauti ilitangulia kutoka kwenye moshi: "Polepole, baba, mimi si behewa!"

Kesho yake alasiri, stesheni ya Makambako, upepo ulikuwa mkali. Treni ilichelewa, ikaja. Odilo alipandisha kapu la maharage, akampisha mama mkwe akae dirishani. Simu yake ikaita. Akaiweka juu ya kapu, Dorosela akaichukua.

"Fidelia? Umeanza kusikia uchungu? Sasa usilie, mama. Nimeshapanda. Ndiyo, nimekaa. Nakuja."

Alimpungia Devota, aliyesimama chini ya dirisha, bila kuacha kuongea. Mabehewa yakavutana, yakaondoka, mpaka lile la mwisho likawa doa dogo upande wa mashariki.

Mfagiaji wa stesheni akasimamisha ufagio. "Afande, umeachwa?"

"Sijaachwa," Devota akasema. "Nimesindikiza."