Keki Niliyompa Kamanda

Aibu hii napenda niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Runzewe, maana wao wakiisimulia wanaongeza chumvi mpaka unadhani nilimaliza ukoo, wakati ukweli ni kwamba hakufa mtu, hata mbwa hakufa, ni mimi tu niliyetamani ardhi ipasuke inimeze nikiwa na gauni langu jipya la kitenge mbele ya wakwe watarajiwa.

Miaka ile nilikuwa nimepanga chumba Kakola, kule upande wa Bulyanhulu, naoka keki na kukaanga maandazi, na uani kwa jirani kuna karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zinanguruma kutwa nzima (leo hii nikisikia mashine ya kusaga mahindi tu, pua inaniletea harufu ya vanila, sijui kwa nini). Deo alikuwa fundi wa hizo mashine. Alianza kwa kununua maandazi mawili, akaja kununua manne, mwisho akawa anakaa kabisa anayalia pale pale, basi mambo yakawa hivyo, mpaka siku akaniambia mdogo wake Skola anapata komunio ya kwanza huko kwao Runzewe, twende, nyumbani wakuone.

Mimi nani nikatae? Nikaoka keki mbili, kubwa na ndogo, nikazimwagia kakao bila huruma, nikajaza zabibu kavu, maana nilitaka wajue Deo hakuokota mtu njiani. Nikapanda nazo basi nimezipakata kama mapacha, na barabara ikafanya kazi yake, ile ndogo ikalala upande.

Pale nyumbani walinipokea vizuri, isipokuwa Kamanda. Kamanda alikuwa mbwa wa Baba Deo, wa rangi ya kahawia, sikio moja limechanika, amechunga ng'ombe na mzee miaka yote, na alinichukia tangu nateremka kwenye pikipiki. Jioni ile kila nikiinuka ananguruma, ikafika mahali Mama Deo ananisindikiza chooni ameshika fimbo, mimi nyuma yake kama kifaranga (hebu fikiria, ugeni wa kwanza ukweni). Baba Deo, mzee wa maneno machache, akacheka taratibu, akaniambia, "Usijali, mayu. Kamanda akikukubali, nyumba nzima imekukubali."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, wanawaita hivyo hata mabinti, kwa heshima. Mzee alikuwa ananitania tu, lakini mimi nikaipokea kama mtihani.

Asubuhi wenzangu wanajiandaa kwenda misa, nikafungua maboksi. Kubwa ilikuwa salama. Ile ndogo ilikuwa ya kutia huruma, huwezi kumwekea mgeni, na kuitupa roho inauma, nikaona basi nimhonge nayo Kamanda. Nikaenda nyuma ya jiko, nikaiweka chini, nikarudi hatua kadhaa. Kamanda akainusa, akaniangalia, akaila yote, akalamba na karatasi, kisha akaja akaweka kichwa chake juu ya mguu wangu. Jamani, nilienda kanisani nikijiona nimeshaolewa. Hata Mungu nilimshukuru.

Sherehe ikaanza mchana, turubai limejaa, kwaya ipo, majirani wapo, mshereheshaji ana kipaza sauti kinachokoroma. Skola akakata keki kubwa, ikagawiwa, watu wakasifia. Katekista alikula vipande viwili na cha tatu akakifunga kwenye leso ampelekee mkewe. Shangazi yake Deo, Shangazi Teddy, akatangaza kwamba mkwe ana mikono. Nilikuwa nimekaa nimeinamisha kichwa kwa adabu, moyoni nacheza ngoma.

Ndipo Kamanda akaingia. Alikuwa anakimbia akizunguka turubai kama anafukuzwa, ulimi nje, anahema, miguu inatetemeka, akagonga spika, akaja akasimama mbele kabisa ya meza ya mtoto wa komunio, akatapika. Matapishi yalikuwa ya kahawia, yana zabibu. Shangazi Teddy akayatazama yale matapishi, akatazama sahani yake, akayatazama tena.

Deo akaniuliza polepole nimempa Kamanda nini, nami nikamjibu, "Keki," ila mshereheshaji alikuwa amesimama karibu yetu na kipaza sauti hakikuzimwa, kwa hiyo neno lile lilisikika mpaka sokoni.

Shangazi akauliza keki imepikiwa wapi. Mtu akajibu Kakola. Shangazi akasema Kakola ndiko kwenye makarasha na zebaki ya kunasia dhahabu, na hapo ikawa basi, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Mshereheshaji, kwa nia njema kabisa, akatangaza, "Ndugu wageni, wenye keki mdomoni tunaomba msimeze."

Mlipuko wake sitausahau. Waliokwisha kumeza wakakimbilia migombani kutia vidole kooni, kina mama wakatoa maziwa yote ya nyumbani na ya majirani (inasemekana yanaua sumu), vikombe vikapita kwa mstari, sauti ya tatu ya kwaya ikaanza rozari bila kuagizwa. Katekista alifungua ile leso akakiangalia kile kipande kwa huzuni kubwa. Skola alikuwa analia na gauni lake jeupe, na kilio cha yule mtoto ndicho kilichonimaliza, nikakaa chini ya meza ya vyombo, nikajifunika khanga usoni.

Baba Deo hakuja kunigombeza. Alikuwa amepiga magoti amemkumbatia mbwa wake, na alishampigia simu bwana mifugo anayemtibia ng'ombe. Bwana mifugo akaja na pikipiki, akamshika Kamanda mapigo ya moyo, akaniita, akaniuliza nimeweka nini. Nikamtajia. Akaelezea kwamba keki haina sumu yoyote kwa binadamu, lakini kakao inamwendesha mbwa moyo mpaka unaweza kusimama, na zabibu zinampiga figo, na bahati yake ametapika mapema. Akamnywesha mkaa uliokorogwa kwenye maji, akasema tumwangalie kama atakojoa, akikojoa vizuri hadi kesho, amepona.

Mshereheshaji akarudia yote kwenye kipaza sauti, mpaka la kukojoa. Lakini watu hawakurudi kwenye sahani zao. Unajua hofu ikishaingia tumboni haitolewi na tangazo.

Hapo Baba Deo akainuka, akanawa mikono, akaja mpaka pale nilipojificha, akasema, "Mayu, nikatie na mimi. Sikuwahi kuonja." Nikamkatia kipande, nikampa kwa mikono miwili. Alikula amesimama, mbele ya watu wote, bila haraka, mpaka makombo, akasema wabeja, ndio asante yao, akarudi kukaa na mbwa wake. Baadaye kidogo katekista akaonekana anatafuna.

Kesho yake nimesharudi Kakola, nakanda unga na macho yamevimba, simu ikaita, namba ya mzee. Hakusalimia, wala hakusubiri shikamoo yangu. Akasema tu, "Amekojoa." Nililia nikiwa nimekaa juu ya gunia la ngano. Mahari ilipelekwa baada ya mavuno.

Kamanda aliishi miaka mingine mingi, akafa kwa uzee, na mzee naye alishatutangulia, na siku hizi nakaa Runzewe hii hii naitwa Mama Keki, na katika harusi za watu hakosi wa kuuliza kama leo ni ya binadamu au ya mbwa. Nacheka nao. Kusema kweli ningepewa siku moja irudi, ningeomba ile, na maziwa yake na rozari yake, nimwone tena yule mzee anavyotafuna taratibu.

Ila mbwa wa mtu sitamlisha tena kitu cha mezani. Wala kakao, wala zabibu, wala kitunguu, hata mfupa wa kuku uliopikwa, maana nao unavunjika vijiti ukamchoma tumboni. Akininyima urafiki, aninyime. Nitasindikizwa chooni na fimbo mpaka azoee mwenyewe.