Merikebu ya Ghorofa Tatu Ufukoni Gaba

Kaa hapa karibu unisikilize, nitakwenda polepole. Wanafunzi wangu wa shuleni Ntinda waliniuliza swali lililonishinda. Katika merikebu za kivita za Wagiriki wa kale, wapiga makasia walikaa kwa ghorofa tatu, na wa chini hakuona maji wala wenzake wa juu. Walivutaje pamoja? Nikasikia kwamba Kato, fundi wa chuma wa Katwe, ameunda na wenzake kipande cha merikebu kama hiyo ili kulijaribu jambo hilohilo. Nikaomba kwenda.

Jumamosi saa moja asubuhi nilimkuta Katwe akinyoosha vyuma vya kushikia makasia. Ndani ya pikapu alinieleza habari za Afande Odongo, polisi mstaafu wa boti, ambaye ndiye mtoa amri. Mwaka jana alipasuliwa koo hospitalini, na sauti haikurudi yote. Wiki iliyopita watu wa chini hawakumsikia, na baadhi yao wanataka kazi apewe mwingine.

"Ukimtoa pale, Mwalimu," Kato alisema, "hata nyumbani hatatoka tena."

Saa tatu tulifika Gaba, kando ya ziwa. Chombo kilikuwa kifupi kama basi dogo, chenye viti kumi na vinane. Nusu ya wapiga makasia walikuwa polisi wastaafu, nusu Wakongo wachuuzi. Mimi nikapewa kiti cha chini, kwenye giza na harufu ya mbao mbichi.

Afande alianza kwa amri aliyoizoea maisha yake yote: kushoto, kulia. Polisi wakatii kama wako kwenye gwaride. Upande wa kushoto ukavuta, kisha wa kulia, nasi tukaenda tukiyumba. Juu yangu Mama Riziki, muuza vitenge aliyekulia kando ya Ziwa Kivu, alicheka hadi kasia likamponyoka.

"Papa Odongo, hii chombo inatembea kama bata."

Kwenye upenyo wa mbao nilimwona Afande akipeleka mkono kooni. Mama Riziki alipouona mkono ule aliacha kucheka.

"Pole, papa. Kwetu wavuvi hawahesabu. Wanaimba, mukono inafuata."

Akaanzisha wimbo. Maneno yalipotea kabla ya kutufikia chini, basi akatuambia tufunge midomo, tuvume tu. Mvumo ukajaa kwenye mbao, lakini ulizidi kupungua kasi, nasi tukalegea nao. Hapo Afande akasimama, akapiga kisigino kwenye ubao wa katikati. Niliuhisi mshindo mguuni kabla sijausikia. Makasia kumi na manane yakaingia majini kwa mlio mmoja. Alipopiga haraka, tulivuma na kuvuta haraka. Koo lake halikuhitajika tena.

Tuliporudi ufukoni Afande alimgeukia Mama Riziki, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Jumamosi uje mapema. Bata haendi bila wewe."

Jioni nilirudi Ntinda na malengelenge viganjani. Sidai kwamba Wagiriki walifanya hivyo. Nimejifunza tu kwamba inawezekana, na kwamba mtu asiye na sauti bado anaweza kuongoza.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, waketishe wenzako watatu sakafuni, mmoja nyuma ya mwingine, macho yamefumbwa, wameshika kamba moja iliyofungwa nguzoni. Wavume wimbo wanaoujua. Kisha piga kisigino, na wavute pamoja.