Kuran ya Chumba cha Nyuma

Katika nyumba aliyotuachia baba, priz, yaani tundu la kuchomekea umeme, ilikuwa moja tu, sebuleni, na sebule tulikuwa tumeipangisha. Mpangaji wetu alikuwa Mkasai, fundi wa umeme katika karakana ya reli, na priz hiyo ilikuwa ya redio yake. Mimi na wadogo zangu wawili tulibaki na vyumba vya nyuma. Huko nilipiga pasi nguo za makarani kwa pasi ya makaa, na mdogo wetu wa mwisho alilala humohumo, akikohoa.

Shangazi yetu wa Kailo alimsikia siku ya arobaini ya mama.

"Huyu mutoto moshi itamuua," alisema. "Ramadhani ikiisha, nakuja kumubeba."

Kwetu shangazi ni kama baba, hajibiwi. Lakini nilikuwa nimemwahidi mama kwamba sisi watatu tutakula sahani moja. Shule niliiacha kwa ajili hiyo.

Madamu niliyemfulia alipofungasha kurudi Ulaya, aliniachia pasi ya umeme. Niliiweka mbele ya mpangaji.

"Sasa utaichomeka wapi, yaya? Puani?" alinitania, akiniita yaya kama dada yake mkubwa.

"Wewe fundi ndiyo utaniambia."

Alianza kazi Jumamosi iliyofuata, akaendelea kila alipopata nafasi. Ukuta wa baba ulikuwa wa udongo, mnene, na kila skrubu aliyoitia ilitoka na unga mwekundu. Mwishowe alichonga vigingi vya mti mgumu, akavipigilia ukutani, akafungia waya juu yake. Niliomba priz mbili: moja kwenye meza ya pasi, nyingine chumba cha pili, kwa taa ya mdogo wangu wa kike aliyekuwa bado anasoma.

Muuza samaki mmoja alikuwa anakwenda Kailo kwa baiskeli. Nikampa neno la kumfikishia shangazi: "Asihangaike. Tunaingiza kuran chumbani kwa mutoto, kikohozi kitaisha." Umeme tuliuita hivyo, kuran, kwa Kifaransa cha watu wa reli.

Idi ilipopita, shangazi akafika. Alikuwa amejitanda mtandio mweupe, mkononi ana chupa ya maji na sahani nyeupe mpya, ya aina wanayoandikia aya kwa zafarani ili mgonjwa anywe maji yake. Alivua viatu mlangoni. Mpangaji alikuwa amepiga magoti pembeni mwa chumba cha mtoto, anakaza priz ya mwisho.

"Salaam aleikum, mwalimu," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Umefika sura gani?"

Mpangaji, mtu wa misheni, aligeuka na bisibisi mkononi. "Sura? Mama, hii ni ukuta."

"Muuza samaki aliniambia munasoma Kurani."

"Kuran, mama! Ya taa. Tia kidole pale, utaisoma wewe mwenyewe."

Mdogo wangu wa kike alikimbilia uani kucheka. Mimi sikuthubutu. Shangazi aliyatazama yale matundu mawili, kisha chupa yake, akakunja uso.

"Nimebeba sahani toka Kailo sababu ya tundu!"

Nilichomeka pasi. Nikamwomba mtandio wake, uliokuwa umejikunja safarini. Alinipa bila kunitazama, akaketi kando ya mtoto, mkono kifuani pake, akasikiliza. Nilipiga pasi taratibu kuliko siku zote. Hapakuwa na moshi. Ni harufu ya nguo tu. Mtoto alikohoa mara moja, kidogo.

Niliinua pasi, nikangoja.

"Hiyo ni kikohozi ya zamani," shangazi alisema.

Maji yake aliyasomea mwenyewe, akamnywesha, maana hakukubali safari ipotee bure. Kisha akajitanda mtandio ungali na joto, akaugusa shavuni, akavaa viatu.

"Na sahani?" nilimuuliza.

"Ibaki. Mulie ndani yake, nyote watatu."

Akarudi Kailo peke yake.