Siku Tulipokaa Chini

Mabenchi yetu yaliondolewa tukiwa kwenye mapumziko ya Idi. Tuliporudi kiwandani tukakuta meza mpya za chuma zinazofika kiunoni, ukuta umepakwa rangi ya kijani, na spika zimetundikwa juu ya madirisha. Mabenchi yenyewe yalikuwa yamerundikwa nyuma ya ghala, na paka walishayageuza kitanda.

Nilikuwa mchambuaji wa korosho. Ni kazi ya macho na vidole. Korosho zikishabanguliwa na kumenywa zinaletwa mbele yako kwenye sinia, nawe unatenga nzima na zilizovunjika, nyeupe na zenye madoa. Ukumbi wetu ulikuwa wa wanawake watupu, wengi tukitoka Magomeni ya hapa Mtwara, wengine wametoka vijijini na kupanga vyumba mjini kwa msimu ule. Tangu nianze kazi pale, tulichambua tukiwa tumekaa.

Asubuhi ile alikuja afisa mpya wa rasilimali watu, mwanamke wa bara mwenye sauti laini, anayemsalimia kila mtu hata aliyempa mgongo. Alitukusanya akatuambia kwamba kampuni imeamua kuboresha mazingira ya kazi na kujali ustawi wetu. Kusimama, alisema, kunachangamsha damu, na huko Ulaya watu wananunua meza za kusimamia kwa hiari yao. Tungewekewa muziki. Kila Ijumaa asubuhi tungefanya mazoezi ya viungo. Na kila mmoja angepewa fulana iliyoandikwa kifuani "Nina furaha kazini".

Tulipiga makofi. Mtu amekuja na heshima, anakutakia mema, na fulana anakupa, utafanya nini?

Meneja wa uzalishaji alisimama pembeni. Sababu zake za kutusimamisha tulizijua siku nyingi. Kwake yeye mwanamke akikaa anapiga soga, na akikaa sana anasinzia.

Wiki za mwanzo tulicheka. Tulitania kwamba tumekuwa wanajeshi, tunangoja gwaride tu. Muziki ulikuwa mzuri, kusema kweli, na wapo waliokuwa wakitingisha mabega huku wanachambua. Kisha miguu ikaanza kusema yake. Nikirudi nyumbani, mama alikuwa akiniwekea beseni la maji ya chumvi kabla sijavua hata mtandio. Alipoona vifundo vyangu vimejaa alisema, "Hiyo furaha mliyoandikiwa kifuani, mbona huku chini haijafika?"

Mwenzangu wa kushoto mezani alikuwa dada mmoja kutoka kijiji cha Madimba, mjamzito, tumbo limeshatangulia. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na nikimwuliza hali alijibu "tunaendelea" hata siku ambazo nilimwona akihamisha uzito mguu huu kwenda mguu ule kama mtu anayekanyaga makaa. Siku moja aliegemea meza kwa kiwiko. Msimamizi wetu akapita nyuma yake na kumwambia taratibu, "Simama vizuri, mwanangu, wanatazama."

Msimamizi huyo alikuwa mama mtu mzima, jirani yetu kabisa. Yeye na mama yangu wanaazimana kinu. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na meneja aliyekuwa akimwogopa alikuwa na ofisi yenye dirisha la kioo linaloangalia ukumbini.

Tukawa tunakwenda kukaa chooni. Mtu anageuza ndoo, anakaa, anafumba macho kidogo, mwingine anagonga mlango naye apate zamu yake. Naandika haya bila aibu, maana aibu si yetu. Uongozi ulipogundua, haukuuliza kwa nini wanawake wazima wanapumzika chooni. Ulimweka mtu mlangoni wa kuangalia nani amekawia.

Ndipo ikaja siku ya mapumziko ya wafanyakazi. Tulipandishwa basi tukapelekwa Msimbati, tumevaa fulana zetu, tumebeba sufuria za pilau. Mchanga wa pale ni mgumu kiasi kwamba gari linapita ufukweni bila kukwama, na afisa wetu aliufurahia kama mtoto. Alikuwa ameandaa michezo: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku. Akapuliza filimbi.

Hakuna aliyesogea. Tulikuwa tumekaa mchangani safu nzima, miguu tumeinyoosha kuelekea majini, kanga tumezitandaza chini yetu. Hatukuwa tumepanga. Kila aliyeshuka kwenye basi alikaa, na aliyekaa hakutaka kuinuka.

Afisa akapuliza tena, kisha akaja kwetu akitabasamu. "Jamani, mbona hamchezi? Leo ni siku yenu. Niambieni basi, ni kitu gani kingewafanya mfurahie zaidi kazi yenu?"

Bibi mmoja, mkubwa kuliko sisi wote pale, alisema neno kwa Kimakonde na wenzake wakaangua kicheko. Afisa akatazama huku na huku akisubiri tafsiri.

Nikasema mimi. "Kukaa."

"Kukaa kazini muda mrefu? Yaani mikataba mirefu?"

"Hapana, dada. Kukaa hivi tulivyokaa. Kuweka makalio chini."

Walicheka tena, naye akacheka nao. Akasema, "Nimelichukua hilo." Akaenda na madereva kumkimbiza kuku.

Nilisubiri. Zilipita Ijumaa kadhaa, tukipandisha na kushusha mikono kwa mazoezi, na hakuna aliyesema lolote kuhusu viti. Nilipomkumbusha ukumbini aliniambia suala letu linafanyiwa kazi. Nikamtazama usoni nikajua halijafika hata mlango wa pili.

Kesho yake nikachukua kigoda cha jikoni.

"Unakipeleka wapi kigoda changu?" mama aliuliza.

"Kazini."

"Kiwanda kizima kile hakina kiti?"

"Vipo. Vya wengine."

Aliniangalia, akapangusa unga uliokuwa juu ya kigoda kwa pindo la kanga yake, akanipa.

Getini mlinzi alikigeuza juu na chini. Walinzi wetu walizoea kupekua watu wanaotoka, si wanaoingia. "Cha nini hiki?" akauliza. Nikamwambia ni cha kukalia. Alifikiri kidogo akitafuta sheria ya kunizuia, hakuipata, akafungua geti.

Mezani nilikiweka chini, nikakaa, nikashusha sinia mapajani kama tulivyokuwa tukifanya zamani. Ukingo wa meza ulikuwa juu ya kichwa changu. Kwa mara ya kwanza tangu Idi mgongo wangu ulinyamaza. Nilichambua hivyo mpaka karibu na saa ya chai, wenzangu wakinitupia macho, dada wa Madimba akitabasamu bila kuinua uso. Kisha nikaona viatu vya msimamizi vimesimama mbele yangu.

"Mwanangu, inuka. Meneja ameniita."

"Amekuita wewe au mimi?"

"Inuka basi, usiniponze." Ni kwa ajili yake tu nikainuka. Alikibeba kigoda mwenyewe, tukafuatana hadi ofisini.

Meneja alikiweka juu ya meza yake, kati ya kompyuta na kikombe cha chai. Alisema kwamba chakula cha watu hakishushwi karibu na sakafu, ni suala la usafi. Nilimjibu kwamba hapo ana haki, na ndiyo maana tunahitaji viti virefu vinavyolingana na meza zake.

"Nikikuruhusu wewe kukaa, watakaa wote."

"Ndicho ninachokitaka, bosi."

Alicheka kidogo. Nadhani hakuzoea kujibiwa na mtu aliyevaa kofia ya kuzuia nywele. Akabadilisha sauti, akawa kama kaka yangu. Aliniambia ameona kwamba mimi ni mwepesi wa kuelewa. Mlangoni mwa ukumbi kuna meza ya kupokea masinia, na anayekaa pale alikuwa anaondoka. Ningeweza kuishika nafasi hiyo. Akanionyesha kiti kwa kidole kupitia dirisha la kioo: kiti cha ofisi, chenye mto na magurudumu.

Sitasema sikukitamani. Nilikitazama mpaka nikauhisi ule mto. Halafu nikamwona, kupitia kioo kilekile, dada wa Madimba ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na ameinamisha kichwa.

"Na wenzangu?" niliuliza.

"Nazungumza na wewe."

"Basi sikitaki."

"Fikiria vizuri. Una mama unamtunza."

"Yeye ndiye mwenye hicho kigoda," nilisema. "Kama mazungumzo yameisha, nirudishie."

Hakunirudishia. Alisema kitabaki ofisini mpaka msimu uishe, na mimi nirudi mezani nikasimame kama wengine. Nilirudi. Saa ya chai niliwaeleza wenzangu kila neno, pamoja na habari ya kile kiti chenye mto, ili wasije wakaisikia kwa mtu mwingine imegeuzwa. Bibi yule alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwani kanga nazo atazichukua?"

Asubuhi iliyofuata nilikuja na kanga nimeikunja kwenye mkoba. Niliapa kwamba nitaitandika chini hata wanifukuze. Nilipoingia ukumbini nilikuta nimechelewa. Dada wa Madimba, yule wa "tunaendelea", alikuwa amekwisha kukaa. Alikuwa ametandaza kanga yake chini ya meza, mgongo ameuegemeza kwenye mguu wa chuma, tumbo limetulia, na sinia lake ameliweka juu ya kreti safi lililofunikwa kitambaa ili lisiguse sakafu. Anachambua. Hakumtazama mtu.

Nikatandika ya kwangu karibu naye. Bibi akafuata, akishuka kwa kushikilia bega langu. Kisha upande wa pili wa ukumbi nikasikia kanga zinakung'utwa, moja baada ya nyingine, mpaka hakuna aliyebaki juu isipokuwa msimamizi. Alisimama katikati ya ukumbi na fimbo yake ya kuonyeshea. Alitazama dirisha la kioo. Alitutazama sisi. Akaenda akaegemea ukuta, akatupa kisogo, akaanza kusoma bango la usalama kazini kama vile halijui.

Meneja alipofungua mlango aliona meza tupu. Spika zinaimba, feni zinazunguka, na hakuna kichwa hata kimoja. Alidhani tumeondoka. Nilimsikia akimwuliza msimamizi kwa hofu, "Wako wapi?" Msimamizi akajibu, bado ameangalia bango, "Wako kazini."

Akainama akatuona. Alifoka. Alisema maneno ya kufukuza watu, na mikono yetu iliendelea kuchambua. Ukitaka kumfukuza mtu mmoja ni rahisi. Ukumbi mzima, katikati ya msimu, shehena inasubiriwa bandarini, lazima kwanza ukae ufikiri, na yeye alikuwa amesimama.

Walimwita afisa wa rasilimali watu. Alikuja mbio, akachuchumaa mbele yetu katika sketi yake ya kubana. Alisema ameumia sana moyoni, kwamba sisi ni familia moja, na mambo ya familia yanazungumzwa.

Bibi akamwambia, "Mwanangu, kwetu mtu akifika nyumbani, kabla hata ya maji anapewa pa kukaa. Sisi tumefika hapa siku nyingi."

Yule afisa kuchuchumaa kulimshinda, akaketi sakafuni pamoja nasi. Nilimwona anapitisha mkono kwenye mashavu ya miguu yake, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho hakikuwamo kwenye mafunzo yake. Aliinuka akaenda ofisini, na kupitia kioo tulimwona akizungumza na meneja kwa muda mrefu, safari hii bila tabasamu.

Viti vilitengenezwa na fundi seremala wa hapahapa Mtwara. Virefu, vya mbao, na sehemu ya kuwekea miguu. Kwanza vililetwa vya kugawana, wawili kwa kiti kimoja, kwa zamu. Tukavikataa. Tuliviweka vyote upande mmoja wa ukumbi, tukakaa chini tena mpaka vilivyobaki vikaletwa. Dada wa Madimba alikalia cha kwake hadi wiki aliyokwenda kujifungua. Alipata mtoto wa kike, mnene, mwenye kelele zote ambazo mama yake hana.

Mimi msimu ulipoisha mkataba wangu haukuhuishwa. Waliniambia nafasi zimepungua, ingawa getini nilipishana na watu wapya wanapelekwa kuandikishwa. Nilirudishiwa kigoda cha mama. Msimamizi alinisindikiza hadi barabarani, akanishika mkono, na mimi sikumdai maneno. Siku hizi nachambua korosho na kikundi cha akina mama wenzangu Magomeni, kwenye uwanja wetu wenyewe. Kipato hakitabiriki. Lakini mtu akiniuliza kama najuta namwambia hapana, na sipunguzi sauti ninapolisema.

Juzijuzi dada wa Madimba, aliyekwisha kurudi kazini, alinitumia picha kwenye simu. Ni bango jipya la kampuni: wanawake wamekaa kwenye vile viti virefu, wanatabasamu, na juu yao maandishi makubwa, "Tunawasikiliza wafanyakazi wetu".

Nilimpigia nikamwambia kwamba mimi sikumbuki wametusikiliza lini. Nakumbuka tulikaa.

"Achana na bango," alisema, na nyuma yake nikamsikia mtoto analia. "Kesho tunakwenda ofisini kuhusu yule mtu wao wa mlango wa choo. Safari hii naongea mimi."