Bukavu Walicheka, Kamembe Walinyamaza

Mwezi uliopita nilishuka Kamembe kwenye msiba, nikapita pale ilipokuwa nyumba yetu, nyuma ya msikiti. Siku hizi pana duka la simu. Nikawakumbuka wale mafundi wawili wa kushona waliopanga chumba chetu cha uani vita vya Kongo vilipoanza.

Walivuka daraja la mto wa mpakani kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na cherehani moja, wakipokezana kuibeba. Mmoja, mwanamke mrefu, alikata vitambaa. Mwenzake mnene alishona. Chumba chao kilikuwa na kitanda kimoja. Nyanya yangu, mjane asiyekosa swala, aliwaita "batoto bangu", na sambaza zikishaiva, harufu ya samaki imejaa uani, alinituma niwaite tule sahani moja. Mtaani waliitwa dada wawili. Mimi niliona hawafanani hata kucha, nikamuuliza nyanya mama yao ni nani.

"Chambua sombe," akanijibu, akinisogezea majani ya muhogo.

Hayo yakaendelea mpaka vita vya pili, wakati milio ya risasi ilipotufikia tena kupitia majini. Akakimbilia kwetu muuza vitenge wa Bukavu, mteja wao wa zamani. Alimkuta yule mrefu kwenye bomba la maji, wanawake wamejipanga na vidumu vyao, na mimi nikiwamo. Akamkumbatia, akacheka kwa nguvu.

"Kumbe muko huku! Na bibi yako iko wapi, ule munene?"

Kwao Bukavu, bibi ni mke. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alichukua kidumu chake hata hakijajaa, akaondoka.

Ndani ya wiki hiyo wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao, hata visivyokatwa. Jirani mmoja, mzee aliyeheshimiwa, alikuja kumwambia nyanya awafukuze. Nyanya alimpa chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia chumba ni chake. Lakini cherehani ilikuwa imenyamaza, na bila kazi wangeishije?

Muuza vitenge alikuja kwa nyanya akilia. "Maman, kwetu batu bote banajua. Tunabacheka, kisha tunabapatia nguo bashone. Nimesema nini mubaya?"

"Haukusema mubaya," nyanya akamjibu. "Umesema. Hapa tulikuwa tunajua, tunanyamaza."

Ndipo nami nilipoelewa kwamba wale wawili walipendana kama mke na mume, na kwamba mtaa mzima ulilijua hilo kabla yangu. Nilikaa siku nyingi nikiwaza: mto ni uleule, Kiswahili ni kilekile, iweje neno liwe utani ng'ambo ile na huku lifunge milango?

Walihamia Kigali. Miaka ilipita, nimeshakuwa msichana mkubwa, ndipo yule mnene alipokuja kumsalimia nyanya. Nikamuuliza watu wa huko wanawaonaje.

"Kigali hakuna mwenye kutucheka, hakuna mwenye kutununia," alisema. "Habajui hata majina yetu." Akamtazama nyanya akipakua. "Lakini hakuna mwenye kutuita kula."

Nyanya alisogeza sahani katikati, tukanawa mikono.

Sasa nyanya hayupo, na sijui wale wawili waliishia wapi. Mimi nimeishi miji kadhaa tangu hapo, na kila ninapohamia hutega sikio kama mtoto: hawa wanacheka, wananyamaza, au hawajui? Sijaukuta bado mji ambamo watu wanajua, wanasema, na jioni wanakuita mle pamoja.