Nyumba ya Merv Yavuka Barabara

Shemeji yangu Merv Tregaskis alikuwa mkamua ng'ombe, mpole kwa mifugo na mwenye kinyongo na binadamu mmoja tu: Lindsay Quirk, msaka vipaji wa klabu kubwa ya mpira ya Melbourne. Nami nasema wazi, Quirk alistahili. Merv akiwa bado kijana, alifika kwa mama yake, akala keki yake, akaapa kwamba kijana atakuwa nyota. Kisha klabu ikamkalisha benchi msimu baada ya msimu. Klabu nyingine ilipomtaka, Quirk akakataa kumpa ruhusa ya kuhama. Si kwamba walimhitaji, hawakutaka tu wengine wamfaidi. Goti lilipomharibikia kwenye mechi ya timu ya akiba, wakamrudisha kwetu Kerrawa kwa treni, peke yake, na mkongojo.

Akamwoa dada yangu Noreen, akakamua, akanyamaza. Lakini ukitaja jina la Quirk mezani, anaacha kula.

Mwanawe Darrell alipofika miaka kumi na saba, alikuwa anaupiga ule mpira wetu wa umbo la yai kwa mguu wowote, na akiruka kudaka, mabega ya watu ndiyo ngazi yake. Miaka ile mashamba yote ya jimbo letu la Victoria yalikuwa yamegawanywa kwa kanda, kila klabu kubwa na yake, na kijana alikuwa wa klabu yenye kanda anakolala. Hakuulizwa. Upande wetu wa Barabara ya Tannock, ilikosimama nyumba ya Merv, ulikuwa wa Quirk. Ng'ambo, kwenye malisho ya Merv, kulikuwa kwa klabu ya mahasimu wake.

Quirk akaja na tabasamu lile lile. Merv akamsikiliza vizuri, akamwambia arudi tukishavuna nyasi.

Alipoondoka tu, Merv akaita watu wa jeki na lori. Nyumba za huku kwetu ni za mbao, zikikatwa katikati zinabebeka. Siku ya kuivusha nilioka pai za nyama za kuwalisha mafundi, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Noreen peke yake hakucheka, maana choo cha nje kilibaki kule kule.

Quirk akarudi, akakuta visiki vya nguzo.

"Merv, nyumba iko wapi?"

"Macho unayo. Ile pale, ng'ambo."

"Umeng'oa nyumba kwa ajili ya mpira?"

"Kwa ajili yako, Lindsay. Choo bado kiko kwenye kanda yako. Kisajili hicho!"

Quirk aliiva uso kama nyanya. Raha niliyoisikia siisemi.

"Sheria unaijua, bwana," akasema. "Aliyehama havai jezi ya klabu mpya mpaka miaka miwili iishe. Sisi tungemchezesha mwaka huu huu."

"Atasubiri."

"Umemuuliza?"

"Nimesema atasubiri. Toa gari lako kwenye nyasi zangu."

Baa nzima ya Kerrawa ilimnunulia Merv bia. Msimu ukaanza. Wenzake Darrell wakawa wanapanda gari kwenda mjini mazoezini, na yeye akawa anaupiga mpira kwenye ukuta wa banda la maziwa, mpaka ng'ombe wakagoma kushusha maziwa. Merv alimwona. Alimwambia tu ahamie ukuta mwingine.

Jioni moja Darrell akanijia mlangoni na godoro begani. Nyumba yangu ilikuwa upande wa Quirk, na aliyerudi kabla ya miaka miwili alihesabiwa kama hakuwahi kuhama.

"Mama mdogo, nafasi ipo?"

Kabla sijajibu, Merv akatokea nyuma yake, amevaa buti za kukamulia.

"Rudi nyumbani."

"Kesho naenda mazoezini kwa Quirk, baba."

"Kwa Quirk? Wewe! Unajua walivyonitenda watu wale?"

"Najua tangu nanyonya. Walikukalisha, wakakataza wengine wasikuguse."

"Sasa?"

"Walikutenda wewe. Mimi anayenitenda ni wewe."

Merv akanigeukia, akingoja nimkaripie mtoto. Quirk nilikuwa bado namchukia, na namchukia hadi leo. Nikashika mlango ili godoro lipite.